Droo, mfuniko au rafu: kuchagua meza ndogo ya kuhifadhia vitu kwa nyumba ya Mtwara na Lindi

Anayetaka kujitengenezea nyumbani meza ndogo ya mbao yenye nafasi ya kuhifadhia vitu hukutana na maswali mawili kabla hajashika msumeno: nafasi hiyo iwe ya namna gani, na mbao ziwe zipi. Katika miji ya pwani kama Mtwara, Mikindani, Lindi na Kilwa maswali hayo hayatenganishiki, kwa sababu hewa ya bahari yenye unyevu na chumvi huingia ndani mwaka mzima, na mbao huunyonya unyevu huo na kuutoa kadiri majira yanavyobadilika. Meza iliyokaa vizuri kwa miaka katika nyumba ya Iringa inaweza kukwama droo zake ikihamishiwa mtaa wa Shangani, Mtwara, kabla ya mvua za msimu mmoja kuisha. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nimeupa unyevu nafasi ya kwanza. Bei na sura vinafuata nyuma yake.

Ili tulinganishe vitu vinavyolingana, tuchukue meza moja yenye vipimo vile vile: fremu ya sentimita 59 kwa 39, uso wa sentimita 65 kwa 45, na kimo cha sentimita 70. Ni meza inayotosha kando ya kitanda, chini ya dirisha la sebuleni, au jikoni kwa kuweka unga na nafaka. Inaweza kutengenezwa kibarazani kwa msumeno wa mkono, randa, patasi, nyundo, bisbisi, drili na skwea, bila mashine yoyote kubwa.

Nafasi ya kuhifadhia: namna tatu

Namna ya kwanza ni droo, ambayo wazee wetu waliiita mtoto wa meza. Kwa matumizi ya kila siku hakuna inayoishinda. Unavuta, unaona kila kilichomo, unachukua, unarudisha, na juu ya meza taa au vitabu vinabaki mahali pake. Lakini ndiyo namna inayodai usahihi kuliko zote, na ndiyo inayoumizwa zaidi na masika. Sababu yake ni muhimu kuielewa, kwa kuwa watu wengi huacha nafasi mahali pasipohitajika. Ubao hauvimbi kwa urefu wake kwa kiasi cha kujali. Huvimba kwa upana, yaani kukatisha nyuzi. Mbao za ubavuni mwa droo zimelazwa kwa urefu kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo upana wao ndio kimo cha droo, na ni kimo hicho kinachoongezeka mvua zinapokolea. Droo yenye kimo cha sentimita 12 iliyotengenezwa kwa msonobari inaweza kupanda kwa zaidi ya milimita 1 endapo unyevu wa mbao utaongezeka kwa asilimia 4. Anayeitengeneza wakati wa kiangazi aache milimita 3 juu yake, na kila ubavu milimita 1 au moja na nusu tu. Akifanya kinyume chake, droo itayumba kushoto na kulia huku juu ikibana. Reli zikisuguliwa kwa mshumaa au kipande cha sabuni kikavu, droo itateleza vizuri bila chuma chochote, jambo ambalo kwetu ni faida, kwa sababu reli za chuma za bei ndogo hushika kutu mapema karibu na bahari.

Namna ya pili ni sanduku lenye mfuniko wa kuinua, ambapo uso wa meza wenyewe ndio mlango. Mtu asiye na uzoefu huvutiwa nayo kwa kuwa ni pande nne, kitako na bawaba mbili. Mimi niliijenga kwanza kabla ya nyingine zote, na kwa miezi ya mwanzo niliipenda sana, hadi nilipotambua kwamba meza ni mahali pa kuweka vitu, na kila kilichowekwa juu yake sharti kiondolewe ndipo sanduku lifunguke. Kikombe, simu, taa, miwani: mambo hayo madogo ndiyo yanayomfanya mtu aache kutumia sanduku lake. Tena hewa haipiti ndani, na nguo au vitabu vilivyofungiwa humo kuanzia Januari hadi Aprili hutoka na ukungu na harufu ya uvundo. Isitoshe, mfuniko mzito unaweza kuangukia vidole vya mtoto, kwa hiyo hauwezi kukosa kamba au mkono wa kuuzuia usirudi ghafla.

Hata hivyo, kuna chumba kimoja ambamo sanduku linazishinda namna nyingine zote, nacho ni jiko. Nyumba nyingi za Kusini huweka akiba ya mbaazi, ufuta, makopa na korosho, na adui wa akiba hiyo ni panya na mende. Droo ina upenyo kwa asili yake, na rafu iko wazi kabisa. Ni sanduku pekee lenye kitako kizima na mfuniko uliolala sawasawa linaloweza kumzuia panya. Kwa kazi hiyo kile kilichokuwa kasoro, yaani kufungwa kwake, kinakuwa sifa, ilimradi nafaka ziwe zimekauka vizuri kabla ya kutiwa.

Namna ya tatu ni rafu: meza yenye ubao mmoja chini, kiasi cha sentimita 15 kutoka sakafuni, bila mlango. Haina sehemu inayosogea, kwa hiyo haina cha kukwama. Hewa inapita, ukungu hauna maskani. Kasoro yake ni vumbi, na kila mgeni huona ulichokiweka, jambo linaloweza kutatuliwa kwa kapu la ukili linaloingia sawasawa kwenye rafu. Kwa mtu anayejenga meza yake ya kwanza, ningemshauri aanze hapa bila kusita, kwa sababu fremu ya meza ya rafu ndiyo ile ile ya meza ya droo, na akishaiva kazini anaweza kuongeza droo moja chini ya uso bila kubomoa chochote. Jambo hilo sanduku haliruhusu.

Mbao zinazopatikana

Mninga ndio mbao iliyozoeleka kwa samani nzuri Tanzania, na misitu ya miombo ya Lindi na Mtwara ni miongoni mwa makazi yake. Heshima yake haitokani na rangi pekee. Mninga ni miongoni mwa mbao zinazotulia sana: hunywea na kuvimba kidogo, kiasi cha nusu ya msonobari au karibu na hapo, na kiini chake hakiliwi kwa urahisi na mchwa wala dumuzi. Unakubali randa na patasi bila kulazimishwa. Tahadhari ni mbili. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome haina ugumu wa kiini, na dumuzi huitoboa, kwa hiyo ubao wenye ukingo mweupe mpana usinunuliwe kwa bei ya mninga kamili. Na vumbi lake huwasha pua na koo za watu wengi, basi anayepiga msasa afunge kitambaa puani na afanyie kazi nje.

Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, unavumilia mchwa na unyevu, na kwa milango ya nje ni chaguo la kutegemewa. Kwa meza ndogo ya kutengenezwa kwa zana za mkono naona unazidi mahitaji: patasi huisha makali upesi, skrubu haiingii bila kutobolewa njia kwanza, na meza inakuwa nzito kuhamisha wakati wa kufanya usafi. Mpangapanga, wenye rangi ya kahawia iliyoiva na mistari myembamba yenye rangi ya kufifia, unapendeza sana, lakini vibanzi vyake huchoma mikono na huhitaji fundi mwenye subira. Mpingo, ambao wachongaji wa Kimakonde wameupa jina duniani, hauingii katika orodha hii. Vipande vyake ni vifupi, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na thamani yake iko katika vinyago na ala za muziki, si katika miguu ya meza.

Msonobari hutoka katika mashamba ya Nyanda za Juu Kusini, hasa Iringa na Njombe, ambako Sao Hill karibu na Mafinga ni shamba la miti la Serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Ni mbao nyepesi, nafuu, inayokatwa kwa msumeno wowote, na mtu anayejifunza akiharibu kipande hajapoteza fedha nyingi. Udhaifu wake ni wa aina tatu: mchwa huupenda, mafundo yake huchomoka au kutoa utomvu, na huvimba kwa kiasi kinachoonekana. Uso wa msonobari wenye upana wa sentimita 45 unaweza kutanuka kwa milimita 4 hadi 5 pale unyevu wake unapopanda kwa asilimia 4. Wapo wanaonunua mbao za paa zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia, wakidhani wamemaliza tatizo la mchwa. Dawa hiyo kwa kawaida huwa na shaba, kromu na aseniki. Haifai kwa meza ya kuwekea chakula, vumbi lake halifai kuvutwa, na vipande vilivyobaki visitiwe jikoni kama kuni hata kidogo.

Mtiki, unaopandwa Longuza mkoani Tanga, Mtibwa mkoani Morogoro na kwingineko, una mafuta ya asili yanayoukinga na maji na wadudu, na hutulia karibu kama mninga. Mafuta hayo hayo huzuia gundi kushika, kwa hiyo sehemu ya kiungo hufutwa kwa thina muda mfupi kabla ya kupakwa gundi. Ukipata vipande vya mtiki vilivyobaki kwa fundi, usiviache.

Mnazi na mwembe nitazitaja kwa kifupi kwa kuwa majirani huzitoa bure. Mnazi mzee ni mgumu upande wa nje na laini kama sifongo katikati, na huua makali ya msumeno. Unafaa kwa miguu, si kwa droo. Mwembe una michirizi mizuri lakini wadudu huuingia mapema usipokaushwa na kutiwa dawa mara unapopasuliwa.

Inabaki plaiwudi pamoja na zile bodi zinazotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa. Hizi mbili huchanganywa dukani, na tofauti yake kwa mtu wa pwani ni kubwa mno. Bodi ya unga wa mbao ni laini na imenyooka siku inaponunuliwa, lakini maji yakiingia ukingoni huvimba kama mkate na hairudi tena. Skrubu iliyotolewa mara mbili haishiki. Plaiwudi, kwa kuwa tabaka zake zimepishanishwa nyuzi, haitanuki kwa kiasi cha kuonekana, na hapo ndipo ninapouweka uamuzi wangu wote: fremu na miguu iwe ya mninga au mbao nyingine ngumu iliyokauka, uso na rafu viwe vya plaiwudi ya milimita 18, na ukingo wa plaiwudi ufunikwe kwa ufito wa mninga. Kila mbao inafanya kazi inayoiweza. Mninga unabeba uzito na kusimama karibu na mchwa. Plaiwudi inabeba upana, ambao ndio mahali unyevu unapoleta madhara. Gharama nayo inashuka, kwa sababu uso mpana wa mninga hudai mbao mbili au tatu za kuunganishwa, ilhali robo ya shiti, yaani sentimita 61 kwa 122, inatoa uso na rafu na kubakiza kipande.

Anayependa uso wa mninga mtupu anaweza kuutengeneza, na utapendeza kuliko wangu. Asiupigilie misumari kwenye fremu. Aufunge kwa skrubu kutoka chini kupitia matundu marefu kidogo, ili ubao upate nafasi ya kutanuka na kunywea. Ukibanwa pande zote mbili, utajipasua wenyewe.

Mbao za asili ziulizwe risiti na uhalali wake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mazao ya misitu yavunwe na kusafirishwa kwa vibali, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ndio wanaosimamia. Mninga hukua polepole sana, na anayenunua ule uliovunwa kwa magendo anasaidia kuimaliza misitu ambayo vijiji vingi vya Kilwa, Liwale na Nachingwea vinaitegemea.

Kununua kiangazi au masika

Mvua za Kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha upepo wa kusi huleta miezi mikavu. Fedha ya wengi, kwa upande mwingine, hupatikana minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba, na hivyo mbao hununuliwa wakati ule ule mvua zinapokaribia. Nilifanya hivyo mwenyewe: nilinunua msonobari mwezi Desemba, nikaujenga wiki hiyo hiyo, na kufikia Agosti uso ulikuwa umefunguka nyufa ambazo shilingi ya sarafu ingepita. Mbao hazikuwa na kosa, zilikuwa mbichi.

Mwenye fedha Oktoba anunue Oktoba, lakini asijenge hadi mbao zikauke. Zipangwe ndani au chini ya paa, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini na kutenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite kati yake. Msonobari wa unene wa inchi 1 huhitaji wiki 8 hadi 12 hivi, na mbao ngumu huhitaji zaidi. Kipimo cha uhakika hakihitaji kifaa cha gharama: kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki, na uzito wake ukiacha kushuka, mbao zimelingana na hewa ya nyumba yako. Plaiwudi haina hesabu hii, nayo ni sababu nyingine ya kuipenda kwa mtu anayetaka kumaliza meza mwezi huu.

Skrubu au tundu na ulimi

Kuunganisha miguu na fito za fremu kwa skrubu huchukua asubuhi moja. Kwa tundu na ulimi, yaani ncha ya ufito iliyochongwa iingie katika tundu la mguu, huchukua siku mbili kwa mtu asiyezoea, na mbao huongezeka, kwa kuwa kila ufito hurefushwa kwa ndimi za pande zote mbili. Kwa meza yetu, fito nane, nne za sentimita 49 na nne za sentimita 29, zinahitaji mita 3.12, zikiongezwa ndimi za sentimita 2.5 kila ncha, zinafikia mita 3.52. Ubao wa futi 12 una mita 3.66, kwa hiyo bado zinatoka katika ubao mmoja, lakini makosa ya kukata hayana nafasi. Miguu minne ya sentimita 68 inatoka katika kipande kimoja cha inchi mbili kwa mbili cha futi 12, na masalio yake ya karibu sentimita 90 yanatosha reli mbili za droo.

Ninapendelea ulimi, hasa kwa pwani. Skrubu ya chuma cha kawaida hushika kutu ndani ya mbao, kutu hula nyuzi zinazoizunguka, na baada ya miaka michache kiungo kinalegea bila dalili ya nje. Ulimi uliobana vizuri na kupakwa gundi hauna kitu cha kuoza. Asiye na muda atumie skrubu zilizopakwa zinki au za shaba, atoboe njia kwanza, na aongeze gundi, meza itasimama. Misumari peke yake siipendekezi kwa fremu yoyote inayobeba droo, kwa sababu kila mvuto wa droo huivuta kidogo, hadi siku fremu inapopinda na droo kukataa kuingia.

Kwa gundi, ile nyeupe ya mbao inatosha ndani ya nyumba. Kwa meza itakayokaa jikoni au kibarazani, chagua ambayo kwenye kopo imeandikwa kwamba inastahimili maji.

Vanishi, mafuta au rangi

Vanishi hufunga vinyweleo vya mbao na kupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, na kwa droo na uso wa meza ndiyo inayofaa zaidi. Ipakwe tabaka tatu nyembamba, msasa namba 220 ukipita kati ya tabaka na tabaka, katika siku kavu. Vanishi iliyopakwa mvua ikinyesha hubaki na weupe kama maziwa. Mafuta ya kitani yanaonyesha uzuri wa mninga kuliko kitu kingine chochote na hurekebishwa kwa urahisi, lakini hayazuii unyevu vya kutosha, na kitambaa kilicholoa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kinaweza kujiwasha moto chenyewe. Kitandazwe nje kikauke kabla ya kutupwa. Rangi ya mafuta ndiyo rafiki wa msonobari wenye mafundo mengi.

Lipo kosa moja ambalo hufanywa hata na mafundi wazuri: kupaka juu na kuacha chini. Upande usiopakwa hunyonya unyevu upesi kuliko uliopakwa, na ubao hupinda kama kifuu cha nazi. Chini ya uso, chini ya rafu na ndani ya droo pia vipakwe angalau tabaka moja.

Na miguu. Nyumba zetu hupigwa deki kila asubuhi, na maji yanayobaki sakafuni hupandishwa na ncha ya mguu kama utambi unavyopandisha mafuta, kwa sababu nyuzi za mbao zimefunguka pale chini. Kabla ya kuigeuza meza na kuisimamisha, loweka kila ncha katika vanishi kwa dakika chache, iache ikauke, urudie mara mbili, kisha upigilie kipande cha raba au plastiki kinachoinua mguu nusu sentimita kutoka kwenye maji. Ikiwa sakafu ni ya udongo, weka kila mguu juu ya kipande cha kigae na ukiangalie kila mwezi, kwa kuwa mchwa hupita juu ya kigae kwa njia yake ya udongo, na njia hiyo ikionekana mapema huondolewa kwa ufagio.